Kinanda cha Mama Mkwe

Siku Mama Mkwe alipohamia kwa Fundi, alikuja na begi moja la nguo, mkongojo aliopewa hospitali, na sanduku jeusi refu ambalo mtu mmoja asingeweza hata kulitikisa. Dereva wa pikapu alilizunguka, akakuna kichwa, akauliza kama ndani mna maiti.

"Yu hai," Mama Mkwe alimjibu kutoka kiti cha mbele. "Kapoteza sauti tu. Mshusheni taratibu, huyo ni mzee mwenzangu."

Fundi alishika upande mmoja, dereva upande wa pili, wakaliingiza chumba cha wageni. Fundi hakuuliza ndani mna nini. Tangu amwoe binti wa yule mama, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaenda kujitegemea, maneno yote waliyowahi kuzungumza yeye na mkwewe yangeenea kiganjani. Shikamoo, mama. Marahaba, baba, hamjambo huko? Hatujambo. Basi. Kila mmoja alimheshimu mwenzake mpaka heshima ikageuka ukuta, na mlango wa ukuta huo hakuna aliyejua uko upande gani.

Mkewe alikuwa anafundisha hesabu shule ya msingi, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Ndiye aliyeamua mama yake aje. Mama Mkwe alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini ngazi za nyumba yake zilikuwa hazipandiki tena. "Atakaa na sisi," Mwalimu alisema, na Fundi akakubali kwa moyo mweupe kabisa. Kisha akaanza kujiuliza atakaaje naye sebuleni.

Alikaa kwa taabu. Mama Mkwe akiingia, Fundi aliinuka kumpisha. Fundi akiinuka, Mama Mkwe naye aligeuka na mkongojo wake kurudi alikotoka, akidhani amemfukuza mwenye nyumba. Mezani kila mmoja alimngoja mwenzake aanze kupakua, chakula kikapoa. Mwalimu aliwavumilia, akawavumilia, halafu akasema, "Jamani, mnakaa kama watu wanaosubiri kung'olewa meno."

Jumapili moja asubuhi Fundi alipita mbele ya chumba cha wageni akakuta mlango uko wazi. Mama Mkwe ameketi ukingoni mwa kitanda, na sanduku limefunuliwa. Fundi alikusudia kupita. Miguu ikakataa.

Kilikuwa kinanda cha umeme, lakini si hivi vya plastiki vinavyobebwa kwapani. Mbavu zake zilikuwa za mbao nyekundu, zimeng'aa pale viganja vilipozoea kuegemea. Juu ya vibao vyeupe na vyeusi kulikuwa na ubao wa chuma uliojaa vifundo vya kuzungusha, safu kwa safu, na maandishi ya pembeni mwao yalikuwa yamefutika kwa kuguswa. Fundi alikuwa ametengeneza redio, televisheni, vikuza sauti vya misikiti na vya makanisa, lakini sinthesaiza ya aina hii alikuwa ameiona pichani tu. Ni kimoja cha vile vya zamani, vya kabla ya kompyuta kuingia ndani ya kila kitu. Sauti yake haijahifadhiwa popote. Kila kibao kinapobonyezwa, inazaliwa upya kutoka kwenye umeme wenyewe.

"Mama," Fundi alisema, "hiki kinafanya kazi?"

Hilo lilikuwa swali refu kuliko yote aliyowahi kumuuliza.

"Kilikuwa kinafanya. Sasa nikikiwasha kinanguruma kama mashine ya kusaga. Na sauti yake haitulii. Unaanzia wimbo hapa, unaumalizia kwa jirani."

"Naomba ruhusa nikitazame."

Mama Mkwe alimtazama yeye kwanza, kuanzia miwani hadi kandambili. "Kitazame, baba," alisema. "Ila usikicheke."

Fundi alipomweleza mkewe jikoni, Mwalimu aliacha kuosha vyombo, mikono ikachuruzika povu. "Hicho! Unadhani mimi ndiye mtoto wa kwanza wa mama? Wa kwanza ni hicho. Kwenye gari la bendi kilikuwa kinapakatwa kiti cha mbele, mimi nalala nyuma juu ya ngoma." Alisema huku anacheka, ila kicheko kilikatikia njiani.

Enzi hizo mama yake aliitwa Bi Vidole, mwanamke pekee kwenye bendi ya wanaume. Baba yake alipuliza saksafoni katika bendi hiyohiyo, na watu walimwita Mapafu, kwa sababu angeweza kuvuta sauti moja mpaka wachezaji wakachoka wao. Mapafu alifariki Mwalimu akiwa bado msichana mdogo. Baada ya msiba Bi Vidole aliendelea kusafiri na bendi, na binti akabaki kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa mwema. Lakini shangazi ni shangazi.

"Kitengeneze," Mwalimu alisema mwishowe, akarudi kwenye vyombo vyake. "Mradi usiniambie nikipanguse vumbi."

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, dirisha lake likitazama barabarani. Meza ndefu, taa ya kuinama, makopo ya skrubu, na redio zilizokufa zimepangwa ukutani zikisubiri ufufuo. Alikiweka kinanda katikati ya meza kama mgonjwa, akafungua skrubu za chini, akainua kifuniko.

Ndani mlikuwa na vumbi la miaka, na buibui aliyetoka akionekana kukereka. Chini ya vumbi, bodi kubwa za kijani, zimejaa vipande vidogo vyenye miguu, na nyaya za rangi zimefungwa kwa uzi, mafundo yake yamepangana kama ushonaji wa fundi nguo mzuri. Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Aliyekufunga wewe," alikiambia kinanda, "alikuwa anakupenda."

Kunguruma hakukumsumbua sana. Kwenye sehemu ya kupokea umeme alikuta kapasita kubwa mbili, vile vikopo vinavyotuliza umeme usitetemeke, zimefura vichwa na kuvuja ugiligili. Alizing'oa, akaweka mpya. Akapima umeme kila mahali kabla ya kuwasha, maana hakutaka kuwa mtu aliyeunguza mali ya mkwewe. Akawasha. Kimya. Akabonyeza kibao kimoja, na ikatoka sauti nene, yenye joto, iliyomjia kifuani kabla haijafika masikioni.

Akaenda kumwita Mama Mkwe. Akaja na mkongojo wake, akaketi, akapiga kidogo kwa mkono wa kulia. Akasikiliza. Akapiga tena.

"Asante sana, mwanangu," alisema. "Mungu akubarikie mikono." Akainuka, akarudi chumbani.

Fundi alipiga mluzi mchana wote. Jioni Mwalimu akamkuta anapanga vifaa.

"Mama anasema hakijapona."

"Kaniambia asante!"

"Angekwambia nini? Wewe ni mkwe. Anasema sauti inapanda. Dakika chache tu na tayari imeshahama. Kwani wewe hukusikia?"

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Fundi hakusikia, na asingesikia. Masikio yake yalikuwa mazima: waya uliolegea ndani ya redio angeusikia kutoka chumba cha pili. Ila wimbo, juu na chini ya wimbo, hakujua vinatofautiana wapi. Shuleni mwalimu wa kwaya alimsimamisha mstari wa nyuma na kumwomba, kwa upole, afungue mdomo tu bila kutoa sauti.

Kwa siku kadhaa matengenezo yalikwenda kwa kutumiana. Fundi anagusa kitu, Mama Mkwe anakuja kusikiliza, anashukuru, anaondoka; kisha Mwalimu anatumwa. Mama anasema bado. Mwambie mama inapanda kwa kasi au polepole? Anasema polepole, halafu inaruka. Muulize inaruka ikifika wapi. Mpaka Mwalimu, madaftari ya wanafunzi mkononi na kalamu nyekundu sikioni, akasimama katikati ya ukumbi, akawasemesha wote wawili kwa sauti moja.

"Mimi si simu! Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wewe mama, nenda ukakae karakana umwambie mwenyewe. Na wewe, baba watoto, muulize mwenyewe. Mficha uchi hazai."

"Mbele ya mama yako unasema hivyo?" Fundi alinong'ona.

"Mama alizaa," Mwalimu alisema. "Ushahidi ni mimi."

Kesho yake asubuhi Mama Mkwe alikuja karakana. Fundi alimtafutia kiti chenye mgongo, akamwekea mto. Kinanda kilikuwa katikati yao, tumbo wazi.

"Mama, nina jambo la kusema," Fundi alianza. "Mimi sisikii muziki."

"Hujisikii kuusikiliza?"

"Hapana, mama. Siusikii. Ukipiga mbaya, ukipiga nzuri, kwangu mamoja. Nasikia kelele tu na kimya."

Mama Mkwe alifikiri. "Pole," alisema kwa dhati, kama aliyeambiwa kuna msiba. Halafu midomo ikaanza kumchezacheza. "Na ulimwoa mwanangu. Anaimba akipika."

"Nilidhani anaongea na sufuria."

Hapo akacheka, mama wa watu, mpaka akashika nyonga. Ilikuwa mara ya kwanza Fundi kumsikia akicheka; sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kucheka mahali penye ngoma.

Basi wakagawana kazi. Masikio ya mama, mikono ya Fundi. Alimwomba abonyeze kibao kimoja na asikiachie, wakasubiri kinanda kipate moto.

"Kimeanza kupanda," Mama Mkwe alisema. "Kinapanda. Kinapanda kama mbuzi kwenye kichuguu."

"Joto," Fundi alisema. "Kuna kitu humu ndani hakipatani na joto."

Alikwenda akaazima draya ya nywele ya mkewe na kutoa vipande vya barafu kwenye friji, akavitia katika mfuko mdogo wa plastiki na kuukausha vizuri kwa nje. Akatengeneza bomba la karatasi ngumu ili hewa ya moto ipite pembamba. Akawa anapuliza sehemu moja ya bodi, halafu anapoza kwa barafu, halafu anahamia nyingine, na Mama Mkwe amefumba macho, kidole juu ya kibao.

"Hapo?"

"Hamna."

"Hapa?"

"Hamna kitu. Endelea kushoto."

"Mama, kushoto kwako au kwangu?"

"Nimefumba macho, mimi nina kushoto gani! Endelea."

Walipita bodi nzima namna hiyo. Chai ikaletwa, ikapoa. Kisha Fundi akapuliza kwenye pembe moja karibu na vibao, na Mama Mkwe akarusha mkono juu. "Hapohapo! Umesikia ilivyoruka? Aa, hukusikia. Imeruka!"

Fundi alishusha taa. Palikuwa na transista mbili, vile vipande vidogo vya miguu mitatu vinavyoongoza umeme, ambazo zilitakiwa ziwe mapacha. Fundi alimweleza mkwewe polepole, akichora kwa kucha juu ya meza. Zinafanya kazi pamoja: moja joto likiisukuma huku, nyingine inasukuma kule, sauti inabaki pale pale. Ndiyo maana aliyeziunda alizigundisha mgongo kwa mgongo, zipate joto moja. Lakini fundi fulani wa zamani alikuwa amebadilisha moja, akaweka ya aina nyingine, na akaiacha imesimama peke yake, mbali na mwenzake.

"Kwa hiyo kila mmoja anaimba lake," Mama Mkwe alisema.

"Kila mmoja anaimba lake."

"Nimepiga na watu wa hivyo."

Kupata mapacha wapya haikuwa kazi ndogo. Fundi alikuwa na kopo zima la transista alizokuwa akizing'oa kwenye mashine zilizokufa, lakini mbili zenye jina moja si lazima ziwe na tabia moja. Aliunga kipimo kidogo, akawa anazijaribu moja baada ya nyingine, na Mama Mkwe akizipanga kwenye sinia kadiri zinavyofanana, akizisemesha. "Wewe mkali, kaa huku. Wewe umepoa, nenda kwa wazee." Kazi hiyo iliwachukua asubuhi kadhaa, na katika asubuhi hizo maneno yaliyokuwa hayakusemwa miaka yote yalisemwa. Mama Mkwe alieleza jinsi alivyojifunza kinanda kwenye ukumbi wa shule, akiwa mfagiaji, kila mwalimu wa muziki alipokwenda kula. Alieleza jinsi Mapafu alivyomposa: alimwambia, "Bendi inahitaji mtu wa kinanda na mimi nahitaji mtu wa kunikemea." Fundi naye alieleza mambo ambayo hata Mwalimu alikuwa hajui, kama vile alivyomwogopa Bi Vidole siku ya kwanza kwenda kujitambulisha, hata akaingia nyumba ya jirani kwa makusudi na kukaa huko kunywa maji kwanza.

"Nilikuona," Mama Mkwe alisema. "Nilikuwa dirishani. Nikamwambia Mwalimu, huyu mtu wako anaoa nyumba ile au hii?"

Mapacha walipatikana. Fundi aliwagundisha mgongo kwa mgongo, akawafunga kibati kidogo cha shaba, akawaunganisha kwa lehemu. Sauti ikatulia. Mama Mkwe alishikilia kibao mpaka chai ikamalizika, na sauti haikusogea.

Ilibaki kurekebisha tu. Kulikuwa na skrubu ndogo ndani iliyopandisha na kushusha sauti yote. Fundi aliingiza bisibisi, akaizungusha kidogo, na hapo bisibisi ikateleza. Cheche. Harufu ya moshi. Taa za kinanda zikazimika.

Fundi alitamka neno. Lilikuwa neno ambalo halijawahi kutamkwa mbele ya mkwe tangu ukwe uumbwe. Lilipotoka, lilisimama katikati ya karakana na halikuwa na pa kwenda. Fundi alitamani sakafu ipasuke.

Mama Mkwe alikitazama kinanda chake kilichozima. Kisha naye akatamka lake. Lilikuwa refu zaidi, na ndani yake mlikuwa na punda.

Walitazamana.

"Hilo nilifundishwa na mpiga ngoma," alisema. "Sasa, kimekufa au kimezirai?"

Kilikuwa kimezirai. Fyuzi ilikuwa imekatika, na kipande kimoja cha kutuliza umeme kimeungua, ambacho Fundi alikuwa nacho kwenye droo. Lakini tangu siku hiyo ukuta ule haukuonekana tena. Mama Mkwe alianza kumwambia "wewe" na "hebu" na "acha ujinga", na Fundi akaanza kumjibu.

Walibishana zaidi kwenye urekebishaji. Fundi alikuwa na kimita kidogo cha wapiga gitaa, chenye sindano. Ukikipigia sauti, sindano inaonyesha kama iko sawa, na taa ya kijani inawaka. Alizungusha skrubu, safari hii kwa bisibisi ya plastiki, mpaka sindano ikasimama wima.

"Sawasawa," alisema.

"Iko chini," Mama Mkwe alisema.

"Mama, taa inawaka kijani."

"Iwake hata zambarau. Iko chini."

Fundi alibadilisha betri za kimita. Kijani. Alikwenda kuazima kimita kingine kwa kijana mpiga gitaa wa mtaa wa nyuma. Kijani. Mama Mkwe alikuwa anatikisa kichwa, na kadiri alivyotikisa ndivyo Fundi alivyoingiwa na huzuni. Umri ni umri. Masikio yale yaliyoikamata transista mbovu huenda sasa yalikuwa yamechoka, naye hakutaka kuwa mtu wa kumwambia.

Alimwambia mkewe pale Mwalimu aliporudi kutoka shule, wakiwa wamesimama kwenye baraza. "Labda tumpeleke akapimwe masikio. Polepole, bila kumtisha. Anasema iko chini na mita zote mbili zinasema iko sawa."

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa upande, kapu la madaftari begani. Kutoka karakana Mama Mkwe alikuwa anabonyeza kibao kilekile, tena na tena, kama mtu anayegonga mlango.

"Iko chini," Mwalimu alisema.

"Nini?"

"Hiyo sauti. Iko chini. Wewe umeifanyaje?" Akaingia ndani, akatua kapu juu ya redio mbovu. "Mama, mbona kiko chini hivi?"

"Mwambie mumeo!"

"Ngojeni," Fundi alisema. "Ngojeni kwanza. Mwalimu, imba hapo inapotakiwa kuwa. Moja tu."

"Mimi? Mimi siimbi mbele za watu."

"Mbele za watu gani? Mama yako na kiziwi."

Mwalimu aliona haya kidogo, akafumba macho, akavuta sauti: aaa. Fundi akamsogezea kimita mdomoni. Sindano ikapita katikati, ikaegemea upande wa kulia na kutulia hapo. Fundi akaweka alama kwa kalamu juu ya kioo, akampelekea Mama Mkwe.

"Mama, na wewe. Usimfuate yeye. Kohoa kwanza, sahau, halafu imba ya kwako."

Mama Mkwe alikohoa, akatazama barabarani, akaimba. Sauti ilikuwa na mikwaruzo ya uzee. Sindano ikapita katikati, ikaegemea kulia, ikatulia juu ya alama ya kalamu, sawia.

Fundi alikitazama kimita, akamtazama mke, akamtazama mkwe. Yeye hakusikia tofauti yoyote, lakini sindano aliielewa.

"Ni Mapafu," Mama Mkwe alisema mwishowe, na mkono wake ukaenda shingoni. "Ni saksafoni ya baba yako. Shingo ya hiyo saksafoni ilivunjika garini, kabla hujazaliwa. Hatukuwa na mtu wa kuitengeneza, baba yako akaipeleka kwa fundi bomba. Yule bwana akakata palipovunjika, akaunga. Ikawa fupi. Saksafoni ikiwa fupi inapanda, na haishuki tena, hata uifanyeje. Bendi nzima ilimnunia. Wakamwambia atafute nyingine au aache." Alitabasamu. "Mimi nikafungua kinanda, nikazungusha hiyo skrubu, nikamfuata aliko. Mpiga gitaa akaona haya, naye akapanda. Mwisho tukapanda wote. Hatukushuka tena mpaka anafariki. Na hata baada yake sikushuka."

Mwalimu alikuwa ameketi juu ya kreti la spika. "Kwenye kwaya ya walimu," alisema polepole, "waliniambia naimba nje. Kila mara. Niko juu yao kidogo. Nikaacha kwenda. Nikajua sina sauti. Hata baba sikumbuki vizuri alivyokuwa anaongea, mama. Nilidhani sina kitu chake."

Mama Mkwe alinyoosha mkono, akamvuta binti yake kwa mkanda wa gauni, kama anavyovutwa mtoto asikimbilie barabarani, akamketisha ukingoni mwa kiti chake.

"Ulikuwa unalala chini ya kinanda," alimwambia. "Garini nilikulaza juu ya ngoma kwa sababu zilikuwa na blanketi. Ukumbini nilikulaza miguuni pangu, nikipiga nakugusa kwa kisigino. Baadaye nilipokuacha kwa shangazi, kisigino kilikuwa kinakutafuta."

Mwalimu aliegemeza kichwa kwenye bega la mama yake. Fundi aliona afadhali atazame kazi. Aliinama juu ya bodi, akachukua bisibisi ya plastiki, akazungusha skrubu. Taa ya kijani ikazima. Sindano ikaanza kuhama, ikaiacha sehemu yake halali, ikaenda kulia taratibu.

"Bado," mama na binti walisema pamoja. "Bado. Bado kidogo. Hapo!"

Akafunga skrubu kwa tone la rangi ya kucha ya mkewe, ili isisogee hata nyumba ikitikisika, akarudisha kifuniko.

Mama Mkwe alipiga. Alianza na mkono mmoja, akaongeza wa pili, vidole vikajikumbusha njia zao, vikikosea hapa na pale na kurudi. Barabarani mwuza maji alisimamisha mkokoteni wake. Mwalimu alianza kwa kuguna, kama anavyoguna jikoni. Halafu kuguna kukawa maneno, wimbo wa bendi ambao hakuna mtu mtaani pale aliyeujua. Fundi alisimama pembeni na bisibisi yake mkononi. Kwake zilikuwa kelele, kama siku zote. Lakini aliziangalia nyuso mbili zile, jinsi zilivyoinuka kwa pamoja na kushuka kwa pamoja, na akajua kwamba kitu kikubwa kinapita humo chumbani, naye ndiye aliyekiwekea njia.

Siku hizi mpiga gitaa wa mtaa wa nyuma huja Jumamosi mchana. Mara ya kwanza alilalamika kwamba kinanda kiko juu, na Mama Mkwe akamwambia nyuzi zina vifundo vya kukazia, azikaze. Alikaza. Mwalimu hasahihishi tena madaftari Jumamosi. Watu hujaa barazani, na Fundi huwauzia betri.

Juzi, wimbo uliposhika kasi, Mama Mkwe aliacha ghafla, mikono hewani.

"Mkwe wangu!" aliita. "Hiyo spika yako ya kushoto inakoroma."

"Haikoromi, mama. Nimeipima jana."

"Uliipima kwa nini, kwa masikio yako?"

Barazani watu waliangua kicheko. Fundi alisimama, akaweka sikio lake karibu na spika, akakunja uso. Kwa kweli kulikuwa na kitu kinatetema ndani, skrubu pengine. Hilo alilisikia vizuri kabisa.

"Zimeni," alisema, akipapasa mfukoni kutafuta bisibisi. "Zimeni kwanza, niifungue."